Mwaka Niliposhika Mizani ya Malaika Mwenzangu

Malaika wa Moto wa kwetu alikuwa anachechemea. Hakuna andiko linalosema hivyo, na mwinjilisti wetu, aliyeutunga mchezo wenyewe, hakuwahi kutamka kitu kama hicho. Ilitokea tu kwamba mwaka wa kwanza wa igizo la Krismasi, kijana aliyemcheza Malaika wa Moto alijikwaa kwenye ngazi za kanisa, akateguka kifundo cha mguu, akaimaliza sherehe kwa mguu mmoja. Mwaka uliofuata akaletwa mwingine, mzima wa miguu yote miwili, akaingia uwanjani anatembea vizuri kabisa. Watoto wakamzomea. "Siye huyo! Malaika wa Moto anachechemea!" Kijana wa watu akaona haya, akaanza kuchechemea katikati ya maneno yake, na tangu siku hiyo kila aliyekabidhiwa upanga wa bati alikabidhiwa na kilema chake.

Ndivyo habari za malaika wetu zilivyozaliana. Malaika wa Njia ilimbidi apige chafya kabla ya kusema lolote, kwa sababu mwaka fulani aliyemcheza alikuwa na mafua, na baridi ya kwetu juu ya mlima Magamba haina huruma. Malaika wa Mvua alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Malaika wa Mizani hakucheka wala hakulia. Hakula nyumbani kwa mtu, hakumjua mtu, hakuwa na baba wala mama, maana aliumbwa kabla akina mama hawajaumbwa. Watoto walizijua habari hizi kuliko walivyozijua Amri Kumi. Nimewasikia kwa masikio yangu wakichunga mbuzi na kubishana, karibu wapigane, kama Malaika wa Njia akisafiri peke yake hupiga chafya au huacha kwa kuwa hapana wa kumsikia.

Mimi nilikuwa Malaika wa Mvua. Nisijipambe: sikuchaguliwa kwa sauti wala kwa sura. Nilikuwa binti kibarua kwenye kitalu cha miche ya miti, na kibarua wa kitaluni aliweza kuazima keni ya kumwagilia, ile yenye mdomo wa matundu. Mwenye keni ndiye mwenye mvua. Kazi yangu ilikuwa kuimaliza kila sehemu ya mchezo kwa kunyunyizia maji uwanja, nikicheka huku nikilia, kisha watu wanapiga makofi na tunaendelea. Kulia kulinipa taabu mwanzoni, baadaye nikagundua kwamba nikiwatazama wanakwaya wa sauti ya pili wanavyojiandaa kuimba, machozi yanakuja yenyewe.

Sasa lazima nieleze habari ya kuamkiana, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Kwetu shikamoo si mchezo. Mtoto aliyempita mtu mzima bila kuamkia alifika nyumbani akakuta habari zake zimemtangulia, na fimbo pia. Basi mwinjilisti alihubiri Jumapili moja kwamba malaika waliumbwa kabla ya Adamu. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa benchi la mbele, mkongwe kuliko wote pale mlimani, akalichukua neno hilo akaenda nalo nyumbani, akalipima kwa siku kadhaa. Krismasi ilipofika, malaika walipoingia uwanjani, alisimama kwa mkongojo wake akamwinamia kijana wa kwaya aliyevaa shuka, akasema, "Shikamoo."

Watu wakashangaa. Bibi akawageukia kwa ukali. "Mnashangaa nini? Kama alimtangulia Adamu, si mkubwa wangu?"

Mwinjilisti mwenyewe alikuna kichwa akasema kimahesabu bibi ana haki. Kuanzia mwaka ule, aliyevaa nguo ya malaika aliamkiwa na kila mtu, wazee kwa vijana, na jibu lake likawa moja tu, lisilobadilika: "Marahaba, mwanangu." Nimewahi kumwitikia hivyo mzee aliyenifunga nepi. Ukishavua shuka ulirudi kuwa mtoto wa watu, na asubuhi yake uliwaamkia walewale, nao wakakuitikia bila hata kutabasamu. Wageni kutoka Lushoto mjini walidhani tumerogwa.

Malaika wa Mizani alichezwa na rafiki yangu, kijana wa makamo yangu, mwana wa seremala. Alikuwa na uso usiosema kitu, ndiyo maana alifaa. Mizani yenyewe ilikuwa mpini wa jembe na sahani mbili za bati zilizochakaa, zimening'inizwa kwa kamba huku na huku. Mwisho wa mchezo, siku ya pili ya Krismasi, wenye ugomvi walikuja mbele. Kila mmoja aliweka kwenye sahani kitu kutoka katika jambo wanalogombania. Ugomvi ni wa mbuzi? Lete kamba ya mbuzi. Ni wa mpaka? Lete chochote cha mpakani. Chenye uzito zaidi ndicho kilichoshinda, na ugomvi ukaishia pale. Aliyeufufua baadaye alihesabiwa amegombana na mbingu.

Ungedhani tulikuwa wapumbavu, lakini sikiliza. Yule mwana wa seremala alikuwa akianza kazi yake mapema, tangu mvua za vuli zinapoanza. Alikwenda kwa huyu, akasikiliza, akakataa chakula kama ilivyompasa, akaenda kwa yule. Hakusema mengi. Alirudi tena na tena mpaka watu wakachoka na ugomvi wao wenyewe. Siku ya sherehe ilipofika walikuwa wameshakubaliana nani alete kitu kizito na nani alete chepesi. Mizani ilikuwa ni kutangaza tu.

Mwaka ninaousimulia, mgomvi mmoja alikuwa mama yangu.

Mwingine alikuwa baba mdogo, ndugu wa baba yangu, na waligombania bustani yetu ya bondeni, kipande chenye magimbi na kabichi kando ya kijito. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alikilima kipande kile tangu aolewe. Kilitusomesha, kilitulisha, na kiangazi, mashamba ya juu yakikauka, ndicho peke yake kilichokuwa na kijani. Baba mdogo naye alisema ni chake, kwa sababu baba alipokuwa mgonjwa ni yeye aliyechimba mfereji wa kuleta maji pale. Na kweli aliuchimba. Nilimwona akiuchimba, mawe yakimchubua mikono. Ni yeye pia aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati nilipougua surua, na baba alipozikwa aliniambia kwamba yeye akiwa hai mimi si yatima. Nilimpenda sana mtu yule. Ndiyo maana nilikuwa nikimwona anapishana na mama njiani bila kusalimiana, ninatamani kuwagonganisha vichwa.

Ugomvi huo wangeweza kuzeeka nao taratibu, lakini ilikuwa miaka ya ujamaa. Kwetu kuhamisha watu wakakae pamoja hakukuwezekana, maana mahali pa tambarare penyewe pa kuwakusanya hapakuwapo. Ukijenga nyumba nne pamoja, ya tano inaporomoka. Kwa hiyo viongozi waliridhika na shamba la kijiji, na shamba lilitafutiwa ardhi. Mwenyekiti wa kijiji, Mwislamu mmoja mchangamfu aliyeuza karoti na ambaye hakukosa igizo letu hata mwaka mmoja, alisimama mkutanoni akatangaza sera aliyoibuni mwenyewe njiani akija: shamba lenye ugomvi halina mwenyewe, na lisilo na mwenyewe ni la kijiji. Wenye ugomvi wote wawe wameumaliza mwaka mpya ukiingia.

Mama alirudi kutoka mkutanoni akakaa jikoni bila kuwasha moto. Nikajua ameogopa, maana mama yangu hakuwa mtu wa kukaa.

Matumaini yetu yote yakawa kwa mwana wa seremala. Naye, kabla hajaanza mizunguko yake, alitumwa Muheza kuleta machungwa ya sherehe. Hakurudi. Wiki ya kwanza tulisema lori limeharibika. Ya pili tukasema machungwa yamechelewa kuiva. Kisha utingo wa lori akapita, akashusha gunia la machungwa na ujumbe wa mdomo: kijana amepata kazi na mchumba kwa muuza iliki mmoja, hali yake ni njema, anawasalimu wote, na mizani ashike mwingine.

"Ashike mwingine!" mama alisema. "Kama vile ni kikapu."

Kamati ya igizo ikakutana kanisani. Mwinjilisti alikuwa kwenye kiti chake, mwenyekiti wa kijiji naye alikuja, ingawa hakuwa mjumbe, kwa sababu alisema mambo ya malaika ni ya wananchi wote. Mwinjilisti akaeleza kanuni: hakuna mlango wa mbinguni unaokaa bila mlinzi. Malaika asipokuwepo, wa upande wake wa kulia hushika zamu yake pamoja na ya kwake. Uwanjani, upande wa kulia wa Mizani alisimama Mvua. Macho yote yakanigeukia, nami nikatazama sakafu.

Mwenyekiti akainua mkono. "Ndugu zangu, hapa kuna suala la siasa. Kiongozi haruhusiwi kuwa na mishahara miwili. Huyu binti tayari ana mvua. Tumpe na mizani? Huo si ubepari?"

"Malaika hawalipwi, Ndugu Mwenyekiti," mwinjilisti alisema.

"Hata posho?"

"Hata posho."

Uso ukamkunjuka mwenyekiti. "Kumbe hao ndio wajamaa wa kweli. Apewe."

Hapo baba mdogo akasimama. "Mimi nakataa. Tangu lini mtoto akamwamulia mama yake? Damu nzito kuliko maji. Huyu atampa mama yake kila kitu, na mimi nitabaki mikono mitupu."

"Ndugu," mwenyekiti alisema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mwenzake kusoma, "Malaika wa Mizani hana mama. Jambo hilo hata mjukuu wangu analijua."

"Malaika hana! Huyu anaye! Si yule pale, amekaa kwenye benchi?"

Wote wakageuka kumtazama mama yangu. Mama akakaza mtandio wake akatazama mbele, kama mtu anayepigwa picha.

"Akishavaa nguo hatakuwa naye," mwinjilisti alisema.

"Haya," baba mdogo alisema, akaketi. "Tutaona mbele za watu kama hana."

Jioni ile nilimwambia mama nataka kukataa. Nilimwambia ningeweza kuugua. Surua sitaweza kuirudia, lakini tumbo halina mwisho. Mama alikuwa anamenya viazi. "Ukikataa hakuna Mizani," alisema. "Hakuna Mizani, ugomvi unabaki. Ugomvi ukibaki, mwenyekiti anakwenda na kijiji chote na ngoma kulima bondeni kwangu. Kunywa chai."

"Na nikishika, unataka nikupendelee?"

"Nimekuomba? Kunywa chai, inapoa."

Zilikuwa zimebaki siku chache. Nilijaribu kufanya kazi ya mwana wa seremala, kwenda huku na huku, kusikiliza bila kusema. Sikuweza. Kwa mama nilikuwa nakula, na kwa baba mdogo nilipofika alinipa kiti, akanitazama, akaniuliza nimekuja kama nani. Nikasema sijui. Akasema basi nirudi nikijua. Kwa hiyo ugomvi wao ulifika Krismasi ukiwa mbichi kabisa, kitu ambacho hakijawahi kutokea, na kila mtu alilijua hilo. Watu walikuja mpaka kutoka Mgwashi kutazama.

Ukungu ulichelewa kupanda siku ile. Nilisimama uwanjani nimevaa shuka, mabawa ya maganda makavu ya mgomba yamefungwa mgongoni yananikuna, mkono wa kulia keni imejaa maji mpaka juu, mkono wa kushoto mizani. Sikuwa na mkono wa kufuta kamasi. Zaidi ya hayo palikuwa na shida ambayo kamati haikuifikiria. Mvua hucheka na kulia. Mizani hacheki wala halii. Mimi nilikuwa wote wawili. Watoto walikuwa wamekaa mbele kabisa, wananikazia macho kama mawakili. Nikiinua keni nilicheka na kulia. Nikiinua mizani nilinyamaza ghafla na uso nikaukausha. Nikainua keni tena, nikaanza upya. Mama mmoja mgeni aliuliza kwa sauti kama yule dada ni mzima. Watoto lakini waliridhika. Nilimsikia mmoja akimweleza mwenzake, "Sasa ni Mvua. Sasa ni Mizani. Unaona? Sasa ni Mvua."

Malaika wa Njia alipiga chafya zake, Malaika wa Moto akachechemea zake, mchezo ukafika mwisho. Mwinjilisti akawaita wenye ugomvi.

Baba mdogo alikuja kwanza, amevaa koti la harusi yake. Akasimama mbele yangu, akainama zaidi ya ilivyohitajika.

"Shikamoo, malaika."

"Marahaba, mwanangu," nikasema. Watu wakacheka kidogo, naye akawaacha wamalize. Kisha akajitenga pembeni, akanyoosha mkono kuelekea alipokuwa mama.

"Zamu yako, shemeji. Msalimie mkubwa wako."

Kicheko kikakatika. Sasa kila mtu aliona alichokuwa amekitegea. Mimi nimemwamkia mama kila asubuhi tangu nilipojua kusema. Labda ndilo neno la pili nililolijua baada ya maziwa. Nikishindwa kumwitikia, basi mimi ni binti wa mlalamikaji niliyevaa shuka, Mizani haipo, na bonde limekwenda. Nikimwitikia, nimemwita mama yangu mwanangu mbele ya kijiji kizima. Mwenyekiti aliacha kutafuna chungwa.

Mama akaja. Hakuharakisha. Aliposimama mbele yangu aliweka mkono wa kulia juu ya kifua na akakunja magoti kidogo, vile wanawake wa kwetu wanavyowaamkia wakubwa, vile nilivyowahi kumwona akifanya kwa bibi yangu tu, mama mkwe wake. Hakunitazama machoni.

"Shikamoo, malaika."

Nilijisikia vibaya kuliko siku ya msiba wa baba. Keni ikawa inadondosha maji miguuni kwangu, na machozi yalikuwa tayari, mengi, lakini mkono wa mizani ulikuwa juu na Mizani halii.

"Marahaba," nikasema. Nikavuta pumzi. "Marahaba, mwanangu."

Bibi wa benchi la mbele, ambaye bado alikuwa hai na mkali, akagonga mkongojo wake chini akasema, "Hana mama. Tuendelee."

Wakaweka vitu vyao. Mama alifungua pindo la khanga akatoa udongo wa bondeni, mweusi, akaurundika kwenye sahani ya kulia. Angeweza kuleta gimbi kubwa kama kichwa cha ndama, analo, lakini ndivyo alivyokuwa: ugomvi ni wa udongo, kaleta udongo. Baba mdogo akatoa mfukoni jiwe la mfereji, si kubwa, ila lile la bluu la mtoni, zito kupita umbo lake. Akaliweka kwenye sahani ya kushoto. Sahani ikashuka palepale ikakaa. Udongo wa mama ukapanda juu mpaka karibu na uso wangu, nikausikia harufu.

Baba mdogo akafunga mikono kifuani. Akamtazama mama, akatabasamu.

Wanaosimulia kisa hiki kwetu husema Malaika wa Mvua alipewa hekima wakati ule. Hakupewa kitu. Nilikasirika. Nilikasirika kwa ajili ya yale magoti aliyoyakunja mama, na kwa ajili ya tabasamu lile, na kwa kuwa mtu aliyefanya hivyo ni mtu niliyempenda. Nilitaka kummwagia baba mdogo keni nzima kichwani, na koti lake la harusi. Lakini malaika hamwagii mtu maji, ananyeshea uwanja. Basi nikainua keni juu ya mizani, nikainyeshea, sahani zote mbili, huku na huku, nikicheka na kulia bila kuigiza hata chembe.

Sahani zile za bati zilikuwa zimetobolewa na kutu. Upande wa jiwe maji yaligonga, yakateleza, yakapita kwenye matundu yakaanguka chini. Upande wa mama udongo uliyanywa. Ulikuwa udongo mkavu wa juu juu, ukawa unakunywa na kunywa, na ukaziba matundu. Nami nikawa nanyesha. Mpini ukatikisika mkononi mwangu. Sahani ya udongo ikaanza kushuka polepole sana, kama mzee anayekaa kwenye kigoda, ikafika usawa wa jiwe, ikasita, ikaendelea chini.

Watoto walipiga ukelele uliosikika ng'ambo ya bonde.

"Hila!" baba mdogo akapaza sauti. "Hii ni hila! Jiwe langu limeshinda kabla ya maji!"

Mwenyekiti wa kijiji akawa ameshafika kwenye mizani, amevaa miwani. Akachunguza sahani hii, akachunguza ile. Akamgeukia mwinjilisti. "Mvua humaliza kila sehemu ya mchezo. Ndivyo au sivyo?"

"Ndivyo."

"Imependelea upande?"

"Imenyesha kote."

"Jiwe limekunywa?"

"Halikunywa."

"Basi," akasema, akavua miwani, "sisi ni nchi ya wakulima. Jiwe lisilokunywa mvua tunalifanyia nini? Serikali ya kijiji haiwezi kugombana na mvua. Bonde lina mwenyewe, na mwenyewe ni mama huyu. Makofi."

Watu wakapiga makofi. Nilijua kuna jambo halijakaa sawa, na bado nilikuwa nimevaa shuka. Nikasema kwa sauti ya Mizani, kavu, kwamba udongo ni wa mama na mfereji ni wa aliyeuchimba, maji yake yamfuate mpaka shambani kwake, na mtu asimzuie. Mwenyekiti akasema hilo nalo ni sawa. Baba mdogo akaliokota jiwe lake likiwa linadondosha maji, akalirudisha mfukoni, akaondoka.

Nilirudi nyumbani nimebeba mabawa kwapani. Mama alikuwa ameshawasha moto, chungu kinachemka, anaimba. Nikasimama mlangoni kama mtu aliyeiba.

"Shikamoo, mama."

Akanyamaza kuimba. Akakoroga chungu kwa muda. "Subiri kwanza nizoee," akasema. Baadaye kidogo, bila kugeuka: "Marahaba. Niliogopa utalia. Ungelia tungekwisha."

Mwana wa seremala alirudi baada ya Pasaka akiwa na mke na harufu ya iliki, akaidai mizani yake, nami nikampa kwa mikono miwili. Lakini Krismasi iliyofuata alipoingia uwanjani watoto walimzomea mpaka akasimama. Keni iko wapi? Malaika wa Mizani hubeba maji! Ikabidi atafutiwe kopo. Nasikia mpaka leo wanaomcheza hubeba kopo, na wakiulizwa sababu wanasema ndivyo alivyoumbwa.

Baba mdogo aliuchukua mfereji wake. Alifagia majani, alijenga kingo, maji yakafika kwake na yakapita kwetu, na hakuna siku aliyotuzibia. Ila kwangu mimi hakurudi. Nilipokutana naye mara ya kwanza baada ya sherehe, kwenye njia ya kisimani, nikafungua mdomo nimwamkie, akaniwahi. Akavua kofia. "Shikamoo, malaika." Nikamwambia, "Baba, nguo nimevua." Akasema, "Nguo umevua. Cheo hujavua."

Nilidhani hasira itaisha baada ya mwezi. Haikuisha. Alikuwa mkaidi, kama mimi, ni ukoo. Aliniamkia nilipoolewa, mbele ya wakwe. Aliniamkia nilipompelekea mtoto wangu wa kwanza ambariki. Alimbariki mtoto vizuri, kwa Kishambaa, mate na kila kitu, kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili cha ofisini akaniambia shikamoo. Ningefanya nini? Mara nyingine nilikaa kimya, naye akasimama akingoja, mvi zake zikiloa ukungu, mpaka nikaona aibu nikaitikia. Watu walicheka. Mimi pia nilijifunza kucheka. Lakini nilipokuwa peke yangu nilikumbuka kwamba mtu huyu aliniahidi sitakuwa yatima, na sasa kila tulipoonana alinikumbusha kwamba mimi si mtoto wa mtu.

Mama alifariki wakati wa masika, akiwa ameshazeeka, na tukamzika ukingoni mwa bonde lake, mahali penye mwinuko pasipofikiwa na maji. Baba mdogo alikuja na jembe mwenyewe. Vijana walitaka kumpokea, akawasukuma kwa kiwiko, akachimba mpaka pumzi ikamkatikia, kisha akakaa juu ya kifusi akawatazama wakimalizia. Baada ya mazishi wazee walipita kutupa pole. Nilimwona yuko kwenye msururu, anakokota miguu, ananisogelea. Nikajiandaa. Nilikuwa nimechoka sana, na nilijiambia leo akiniamkia nitamwitikia upesi yaishe.

Alipofika hakuvua kofia. Alikaa kando yangu kwenye mkeka, kwa taabu, goti moja kwanza. Akanishika mkono. Kisha akaniambia kwa Kishambaa, taratibu, kwamba pole, mtoto wangu, umebaki na mimi.

Nilimwamkia, shikamoo, baba, kama mtoto mdogo, na mbele ya watu wote nikaanza kulia.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Akaniacha nilie. Baadaye akaniuliza kama nimekula.